Kisumu–Nairobi kwa ndege: kiti gani, begi la kilo ngapi, saa ngapi

Kutoka Kisumu hadi Jomo Kenyatta ni kama kilomita 280 kwa njia ya hewa. Ratiba huandika dakika 50 au 55, ila muda ambao magurudumu hayagusi ardhi ni kama dakika 35 hadi 40. Zinazobaki huishia kwenye kutambaa uwanjani, kungoja zamu ya kuruka na kutafuta pa kuegesha. Kwa mwendo mfupi namna hii, abiria anayechagua kwa kutazama rangi ya mkia amechagua kwa kufumba macho. Kinachotofautisha safari nzuri na mbaya hapa ni aina ya ndege, uzito wa begi na saa ya kuondoka. Jina la kampuni linafuata nyuma.

Tuanze na ndege zenyewe. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka Aprili 2014, hutumia Dash 8-400 ya propela mbili, viti 78, viwili kila upande wa ujia. Kenya Airways yenyewe huwa na Embraer 190 ya jeti, viti 96: 12 vya daraja la biashara na 84 vya kawaida, navyo vya kawaida vimepangwa viwili viwili. Kwa hiyo katika zote mbili hakuna kiti cha katikati. Anayekulipisha ziada ili "usibanwe katikati" kwenye safari hii anakuuzia hewa. Safarilink hutumia Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, kwa ndege ndogo zaidi, na kwa mtu mwenye shughuli Upper Hill, Kilimani au Lang'ata, kushukia Wilson kunaokoa muda kuliko jeti yoyote, maana foleni ya Barabara ya Mombasa haijui kwamba umekuja kwa ndege ya kasi.

Je, jeti inawahi? Embraer inaenda mbio kuliko Dash 8, hilo halina ubishi. Lakini Dash 8-400 nayo hufikia karibu kilomita 660 kwa saa, na kwa kilomita 280 nusu ya safari ni kupanda na nusu ni kushuka. Jeti haipati nafasi ya kunyoosha miguu. Tofauti halisi hewani ni dakika tano, kumi zikizidi. Dakika hizo hupotea zote ukikaa safu ya 20 ukingoja walio mbele wateremshe mabegi yao. Usiongeze hata shilingi elfu moja kwa sababu ya mwendo peke yake.

Ubaya wa Dash 8 unaosemwa na wengi ni kelele. Ni kweli, ila kelele haigawanyiki sawa ndani ya ndege. Kila propela ina mapanga sita, na ncha zake hupita karibu na ubavu wa ndege. Kila panga likipita husukuma wimbi la hewa linalogonga ukuta, na ukuta hutetemesha kiti. Wanaoumia ni waliokaa usawa wa mapanga hayo, pamoja na safu moja mbili mbele na nyuma yake. Sehemu hiyo iko kwenye theluthi ya kwanza ya chumba cha abiria, na ndipo mkasa ulipo: watu hulipia viti vya mbele wakidhani wananunua utulivu, kumbe wamenunua mngurumo. Ndege hizi zina mfumo wa kupunguza kelele na mtetemo, nao husaidia, lakini kupunguza si kunyamazisha. Unapoikaribia ndege kwa miguu, kama ilivyo kawaida Kisumu, tazama propela iko usawa wa dirisha la ngapi. Kama kiti chako kiko hapo na ndege haijajaa, mwombe mhudumu akuhamishe.

Omba lakini, usihame tu. "Dada, naomba kuhamia safu ya nyuma" inatosha. Uzito wa abiria umeshapigiwa hesabu safu kwa safu ili ndege isilemee mbele wala nyuma, na ndege ikiwa na watu 30 tu, watano wakijihamisha pamoja wanaiharibu hesabu hiyo. Wakati mwingine mhudumu ndiye atakayekuhamisha wewe, hata kama ulilipia kiti. Hapo usibishane. Weka pasi yako ya kupandia na risiti, ukadai pesa ya kiti baadaye.

Nyuma ya bawa kelele hupungua sana. Tena Dash 8-400 ina mlango wa abiria nyuma upande wa kushoto, na siku ambazo milango yote miwili inatumika, wa safu za mwisho hushuka wa kwanza. Hasara ya nyuma ni kuyumba: upepo ukichafuka, mkia hucheza zaidi kuliko sehemu ya bawa. Mwenye kichefuchefu akae karibu na bawa avumilie mngurumo. Mwenye kutaka kulala au kupiga kazi akae nyuma.

Bawa la Dash 8 liko juu ya madirisha, na hii ndiyo sababu nzuri kabisa ya kuipenda. Hakuna kinachokufunika ardhi, isipokuwa safu za katikati ambako injini na mguu wa gurudumu vinaziba. Mguu huo hukunjwa ndani ya kifuniko cha injini, na ndege ikikaribia kutua vifuniko hufunguka na mguu mrefu hushuka mbele ya dirisha. Mtu anayepanda ndege mara ya kwanza asiketi hapo bila kuambiwa, atadhani kitu kimeng'oka.

Jambo jingine linalotokana na bawa kuwa juu: Dash 8-400 haina milango ya dharura juu ya bawa. Milango iko mbele na nyuma tu. Kwa hiyo "safu ya mlango wa dharura yenye nafasi ya miguu" unayoijua kutoka ndege nyingine haipo katikati hapa. Nafasi ya ziada tafuta safu ya kwanza kabisa. Kumbuka safu hiyo haina kiti mbele yake, kwa hiyo mkoba wote hupanda kabatini wakati wa kuruka na kutua. Embraer 190 inayo milango juu ya bawa, mmoja kila upande, na anayeketi hapo lazima awe mtu mzima, mwenye nguvu ya kuufungua, asiye na mtoto mapajani, asiyehitaji mkanda wa kuongezea urefu. Mjamzito na mzee atahamishwa hata kama mtandao ulikubali kumuuzia kiti hicho.

Sasa jua na mandhari, jambo ambalo hakuna ramani ya viti inayokueleza. Kutoka Kisumu kwenda Nairobi ndege inaelekea kusini-mashariki. Asubuhi jua liko mbele kidogo upande wa kushoto. Jioni ukirudi unaelekea kaskazini-magharibi, na jua linalozama liko tena kushoto. Kivuli kiko kulia safari zote mbili. Mandhari lakini hubadilika: kwenda Nairobi, njia ikiwa ya moja kwa moja, inapita juu ya mashamba ya chai ya Kericho, halafu kwenye Bonde la Ufa unaona Longonot na Ziwa Naivasha upande wa kushoto na Suswa kulia. Ukirudi jioni, Longonot na Naivasha ziko kulia, upande ule ule wa kivuli. Dirisha la kulia jioni, nyuma ya bawa, kwenye Dash 8: kama kuna kiti kimoja cha kulipia kwenye njia hii, ni hicho. Asubuhi itabidi uchague kati ya Longonot na macho yako.

Kuhusu hali ya hewa, anayeishi Kisumu hahitaji kufundishwa. Mchana upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea miinuko ya Nandi na Kericho. Hewa hiyo hupanda, mawingu hufura, na ifikapo saa tisa au kumi alasiri ngurumo zimeanza, hasa msimu wa masika, Machi hadi Mei. Rubani hapiti ndani ya wingu la namna hiyo. Atazunguka, atangoja hewani, au atachelewa kuondoka. Safari za asubuhi kutoka Kisumu kwa kawaida hutulia zaidi.

Ila asubuhi nayo ina mtego wake, na mtego huo uko Nairobi. Kati ya Juni na Agosti mawingu hushuka chini sana huko alfajiri, wakati mwingine ukungu kabisa, na ndege hushindwa kutua au kuondoka kwa wakati. Hapa ndipo inapofaa kujua ndege yako imelala wapi. Hesabu yake ni rahisi. Ndege ikiondoka Nairobi saa kumi na mbili na nusu, inafika Kisumu saa moja na dakika 25, na ikihitaji kama nusu saa kushusha na kupakia, haiwezi kuondoka kabla ya saa mbili kasoro. Basi safari ya Kisumu iliyoandikwa kabla ya hapo ama ndege imelala Kisumu, ama imetoka Nairobi gizani. Ile ya saa mbili na kuendelea inaitegemea Nairobi, na ukungu wa Nairobi ni ukungu wako hata kama huku Kisumu, ufuoni Dunga, jua limewaka. Fungua Flightradar24, programu ya simu ya kufuatilia ndege, kabla ya kutoka nyumbani, tafuta namba ya safari inayokuja Kisumu, uone kama imeruka. Kama bado iko chini Nairobi, una muda wa chai. Usizidishe muda huo lakini: kaunta hufungwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, ndege iwe imefika au haijafika.

Ucheleweshaji hurundikana kadiri siku inavyokwenda, kwa kuwa ndege moja hupiga safari kadhaa na kila dakika iliyopotea asubuhi hubebwa hadi jioni. Mwenye mkutano asipande safari ya mwisho ya siku iliyotangulia akidhani amejihakikishia. Ikifutwa, hakuna nyingine nyuma yake. Ile ya kabla ya mwisho ndiyo bima.

Kwenye begi ndiko pesa nyingi hupotea. Tiketi ya bei ya chini ya Jambojet huja na begi la mkononi la kilo 7. La kupakiwa chini hununuliwa kando. Kenya Airways huruhusu kilo 12 mkononi katika daraja la kawaida. Tofauti hiyo ya kilo tano inaonekana ndogo mpaka ujue kwamba begi gumu la magurudumu, likiwa tupu, hula kilo mbili na nusu hadi tatu. Unabaki na kilo nne za nguo, viatu na kompyuta. Kwa Dash 8 tumia begi laini la mgongoni lisilofika kilo moja. Kama utahitaji la kupakia, linunue wakati wa kukata tiketi. Bei ya kaunta huwa juu zaidi, na ukiwa pale huna pa kukimbilia. Kwa hiyo usilinganishe bei mbili za skrini ya kwanza. Jumlisha tiketi, begi na kiti, kisha linganisha. Mara nyingi ile "ghali" hugeuka kuwa nafuu, hasa kwa mwenye mzigo.

Hata begi la magurudumu lililo ndani ya uzito halitoshi kwenye makabati ya juu ya Dash 8, ambayo ni madogo na ya mviringo. Litachukuliwa mlangoni pa ndege na kushushwa sehemu ya mizigo. Ndiyo maana kabla ya kutoka ukumbini hamisha betri ya kuchajia simu, dawa, hati na kompyuta kwenye mfuko mdogo. Betri za kuchajia haziruhusiwi kabisa chini kwenye mizigo, kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuzizima. Kipimo ni saa-wati 100 bila kuomba ruhusa. Kuanzia hapo hadi 160 lazima upate ruhusa ya kampuni. Zidisha milliampia kwa volti 3.7, gawa kwa elfu moja: ya 20,000 inatoa 74, inapita. Ya 30,000 inatoa 111, na ofisa wa usalama ana haki ya kuizuia. Ambayo maandishi yake yamefutika nayo huweza kubaki uwanjani, maana hana namna ya kujua.

Kwa anayeunganisha safari ya nje, ushauri hubadilika kabisa. Uwanja wa Kisumu unaitwa wa kimataifa, na miaka ya 1930 ndege za maji za Imperial Airways zilitua kwenye ziwa hili zikitoka Khartoum, lakini leo anayekwenda London au New York anagonga pasipoti Nairobi. Kata tiketi moja kutoka Kisumu hadi mwisho wa safari. Kwanza, kipimo cha mizigo cha safari ndefu, mfano mabegi mawili ya kilo 23, kinahesabiwa tangu Kisumu. Ukiwa na tiketi ya ndani ya kando, begi la pili unalipia. Pili, ukichelewa kutokana na mvua ya Kisumu, kampuni inakuweka ndege inayofuata, kumbe mwenye tiketi mbili anahesabiwa hakufika. Tatu, begi likipotea au kuharibika, Mkataba wa Montreal, ambao Kenya imeuridhia, unaifunika safari nzima. Begi lililoharibika andika malalamiko ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na ripoti ya kwanza ijazwe kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo. Kaunta ya Kisumu hakikisha kipande cha karatasi kwenye begi kina herufi za mji wako wa mwisho. Kikiandikwa NBO, utalifuata Nairobi mwenyewe.

Lazima pia usome mstari mdogo unaosema nani anayerusha ndege. Tiketi inaweza kuwa na namba ya kampuni moja na ndege ya nyingine, na hapo ndipo kilo 12 hugeuka mjadala wa kilo 7 mlangoni.

Bei hufuata kalenda ya watu wa magharibi mwa Kenya kuliko ya serikali. Mazishi mengi ya huku ni Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa jioni kuja Kisumu na Jumapili jioni kurudi ni ghali mwaka mzima, si Desemba tu. Mwenye kuweza aje Alhamisi usiku na arudi Jumatatu adhuhuri. Kiti cha kurudi kisicho cha Jumapili mara nyingi kinalipia usiku mmoja wa ziada. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, la kwanza na la mwisho; lile la ubatizo linalojulikana kanisani peke yake litakulipisha ada ya kurekebisha. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa papo hapo, kwani nafasi iliyoshikwa bila malipo hutoweka muda wake ukiisha, na bei ya kukata upya hailazimiki kuwa ile ile.

Eldoret, kwa ufupi: anayeishi Kitale aende huko, kilomita kama 70 hadi mjini. Kakamega abaki na Kisumu, kilomita 50 hivi. Bungoma ni sare, na hapo saa ya safari ndiyo iamue. Uwanja wa Eldoret uko mita 2,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia yake ya mita 3,500 ilitengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo usishtuke.

Nakuru haina uwanja wa abiria wenye ratiba, na Eldoret iko mbali karibu sawa na Nairobi. Nenda Nairobi kwa barabara, ingia njia ya juu ya kulipia pale Westlands mpaka karibu na uwanja, na toka Nakuru ukiwa umebakiza muda wa saa sita nzima kabla ya safari ya nje. Lori moja likikwama mteremkoni linakula saa mbili.

Mwisho ni samaki, maana hakuna anayetoka Kisumu mikono mitupu. Mbuta na ngege wabichi wagandishwe usiku kucha mpaka wawe jiwe, wafungwe magazeti, kisha mifuko miwili isiyovuja iliyobanwa, ndani ya sanduku gumu la baridi lililozungushwa utepe wa gundi. Usiweke barafu ya maji, inayeyuka na kuvuja, na sanduku linalovuja linarudishwa kaunta. Tumia vifurushi vya jeli vilivyogandishwa. Barafu kavu, yaani gesi iliyogandishwa, inaruhusiwa hadi kilo mbili na nusu kwa abiria kwa idhini ya kampuni, ila sanduku lisizibwe kabisa, kwa kuwa gesi yake lazima ipate pa kutokea. Kutoka mlango hadi mlango hesabu saa nne, na samaki aliyeganda vizuri huzimudu. Omena kavu huenda chini kwenye mizigo, mifuko mitatu, hewa yote imekamuliwa. Kwenye kabati la juu la Dash 8 harufu yake haibagui begi la nani.